Mtani Wangu Hakwenda Halifax

Watu wa kanisani kwetu, mjini Saint Paul, huniuliza kwa nini mimi na Geofrey hatupeani mikono. Nawaambia kamuulizeni yeye. Akiulizwa anacheka, anasema, "Huyo Mpare ana kesi na mimi." Ni kweli kabisa. Ninayo.

Naitwa Eliakunda, Mpare wa Usangi, miaka hamsini na miwili. Geofrey ni Mchagga wa Marangu, na tangu niingie Minnesota yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania. Wapare na Wachagga ni watani. Asiyeujua utani na ajue hivi: mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya kofia, akala nyama ya sahani yako, na wewe huruhusiwi kununa. Msibani ndiyo usiseme. Mtani huja kuwachekesha wafiwa ili majonzi yasiwamalize. Ni kazi nzuri, na mimi mwenyewe nimeifanya. Kuna Mchagga mmoja alifia mji jirani wa Anoka, nikasimama mlangoni nikakataa jeneza lisitoke mpaka niletewe soda baridi. Mjane wake alicheka hadi leso ikaanguka.

Miaka minne iliyopita alifariki mama yangu. Wakati ule sikuwa na karatasi. Viza ilikwisha zamani, maombi yangu yalikuwa kwa wakili, na kutoka Marekani kulikuwa ni kufunga mlango na kutupa ufunguo. Aliyejua ni mtu mmoja tu, Geofrey, kwa sababu ndiye niliyemwendea nikilia anitafutie huyo wakili. Aliniapia kwamba siri itaishia kwake.

Matanga tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa, watu kama mia mbili. Geofrey akashika kipaza sauti kama mtani. Akasema sisi Wapare tungemshtaki hata Izraili kwa kuja kuchukua roho bila hati ya mahakama. Nilicheka huku machozi yananitoka. Kisha mama mmoja akauliza kwa sauti safari ya kwenda kuzika ni lini, na Geofrey, vicheko vimeshamlevya, akasema, "Aende wapi huyu! Akivuka uwanja wa ndege harudi. Hana karatasi hata ya kufungia maandazi!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wengine waliendelea kucheka. Wengine wakanyamaza, wakanigeukia, na hao walionyamaza ndio walioniua.

Wiki mbili hazikupita. Kule nilikokuwa nahudumia wazee msimamizi akaniita nilete nyaraka zangu upya. Sikurudi, hata viatu vyangu vya kazi niliviacha kabatini. Miaka miwili na zaidi nikawa nasafisha nyumba za watu, na gari la polisi likinipita nasahau kupumua. Na Usangi je? Maneno yalifika yakiwa yamepinda: kwamba nilichekeshwa matangani na nikakataa kwenda kumzika mama yangu. Kaka zangu wakaacha kupokea simu. Geofrey nilipomkabili aliniambia, "Dada, utani ni utani. Usinune."

Nisinune. Mimi!

Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku. Wanasema kwa kutucheka. Basi ng'ombe nilikuwa naye, na haraka sikuwa nayo.

Mwaka jana karatasi zangu zikatoka. Nikaenda Usangi, nikapiga magoti kwenye kaburi ambalo nyasi zake zilifika kifuani. Kaka zangu walinipa chai kama mgeni. Nikarudi Minnesota na neno moja kichwani: Geofrey.

Desemba ilipofika nikafunguka macho. Mnajua Wachagga na Krismasi. Popote walipo duniani watapanda Moshi, sisi watani wao tunasema wanakwenda kuhesabiwa. Mchagga asiyekwenda ana jambo. Nami nikiwa nakunja nguo, nikamkumbuka Geofrey: Krismasi zote kumi na tisa alizokaa hapa amezila hapahapa, amevaa kofia nyekundu, anawagawia watoto peremende. Baba yake alipofariki alisema kazi imembana. Dada yake alipoolewa alisema mgongo. Na uendeshaji wake wa gari, polepole kama gari la maiti, ambao tulikuwa tukiucheka wote. Dalili hizo nazijua. Nimezivaa miaka mingi.

Yule aliyenicheka sina karatasi, na yeye hana!

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka binti yangu Careen akatoka chumbani kuniuliza kwa Kiingereza chake kama ninaumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima kama leo.

Kumripoti? Hapana. Mimi si mtu wa kumpigia mtu simu serikalini. Hata hasira ina adabu yake. Nilichotaka ni ukumbi. Nilitaka asimame mbele ya watu walewale, waulize swali lilelile, na jibu limkwame kooni.

Kila kiangazi jumuiya yetu hutembelea mahali pa kihistoria. Ngome ya Fort Snelling tumeshakwenda, Daraja la Mawe la Minneapolis tumelivuka na magofu ya vinu vya unga tumeyapigia picha mpaka yamechoka. Geofrey naye alikuwa na wimbo wake. Ujana wake alisoma Halifax, mji wa pwani ya Kanada, na kila tulikokwenda alitoa kasoro: "Hii ngome? Mngeiona ya kwetu Halifax!" Basi mkutano wa Machi nikanyoosha mkono.

"Napendekeza mwaka huu twende Halifax. Na mwenyekiti mwenyewe atutembeze kwao."

Makofi! Katibu wetu Evodius, Mhaya, mtu anayependa makubwa, alikuwa ameshaandika kabla kura haijapigwa. Geofrey akanywa maji, akasema ni mbali. Wakamzomea kwa mapenzi, "Si ulisema hatujaona kitu mpaka tuone Halifax?" Akaniangalia. Nikamtabasamia kwa meno yote.

Mwezi wa Mei Evodius akamtaka atuelimishe kabla ya safari. Geofrey akabandika ramani ukutani. Nilikwenda nikitegemea porojo, lakini nasema ukweli, mtu yule alikuwa anaujua mji ule. Alituambia juu ya ngome iliyo kilimani, yenye umbo la nyota, ambako mzinga hupigwa saa sita mchana. "Mgeni utamjua palepale," alisema. "Mzinga ukilia mgeni anaruka. Mwenyeji anatazama saa yake." Akaeleza mnara wa saa ulio chini ya ngome, uliotolewa na mtoto wa mfalme aliyechukia watu wanaochelewa. "Watanzania tungenyongwa wote," akasema, tukacheka. Akafika kwenye makaburi ya waliozama na meli ya Titanic, mengine hayana majina, yana namba tu na tarehe, wamezikwa na watu wasiowajua. Mwisho akagusa ramani bandarini, Gati Namba Ishirini na Moja, walikoshukia wahamiaji zamani, wakakaa kwenye mabenchi kungoja kugongewa mhuri. Siku hizi ni makumbusho. Hapo aliongea taratibu, na kidole hakikutoka kwenye ramani.

Kwa dakika moja nilimhurumia. Nikajikemea.

Wiki mbili kabla ya safari ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la WhatsApp. "Ndugu zangu, sitaweza kusafiri nanyi. Mama yangu kule Marangu ni mahututi. Mniombee."

Ee Mungu wangu, Mchagga huyu! Asingizie kazi, asingizie mgongo ule wa harusi ya dada yake. Lakini uwaambie Watanzania mama yako ni mahututi, halafu ukae Minnesota unakata nyasi? Nani atakuacha? Saa hiyohiyo simu zikaanza, na mchango wa tiketi ukatimia kabla ya Ijumaa. Aliyewapigia watu mmoja mmoja ni mimi. Evodius akaniambia, "Dada Eliakunda, una moyo wa dhahabu." Nikajibu, "Amina."

Jumamosi mchana tulimvamia kwake Inver Grove Heights, magari kumi na moja. Tulibeba sufuria mbili za pilau, sanduku jipya, vitenge vya mama na dawa za presha. Alifungua mlango amevaa fulana ya ndani. Macho yake yalitua kwenye sanduku yasiinuke tena.

Sebule ikajaa. Evodius akaomba sala ndefu, kisha akamkabidhi tiketi mbele ya wote. "Unaondoka kesho jioni. Tutakusindikiza hadi uwanjani."

"Jamani mmejisumbua," Geofrey akasema. "Mimi kazini sijaaga..."

"Kazi itangoja, mama hangoji!" akina mama wakamrukia.

"Lakini hata pasipoti sijui kama..."

"Tutaitafuta sote. Iko kabati gani?"

Jasho lilimtoka, na mwezi ule kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mtani aseme neno!" Wakapiga makofi. Nikasimama. Hapo ndipo pangu sasa. Sentensi yake niliitunza miaka minne, kila neno na mahali pake: aende wapi huyu!

Ila sikutaka kummaliza haraka. Nikasema, "Kabla sijaongea, tumpe mama pole." Namba nilikuwa nimeipata kwa binti mmoja wa Marangu. Nikapiga simu ya video, nikainua juu kila mtu aone.

Mama akapokea. Kule ilikuwa usiku, lakini yuko jikoni, ana mwili wake, anamenya ndizi.

"Shikamoo mama. Pole na kuumwa."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Sebule nzima ilisikia. Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nikaigeuza simu taratibu imwelekee mwanawe.

"Geofrey?" Mama aliweka kisu chini. "Ni wewe? Mbona umenenepa hivyo? Hao watu wote wa nini? Na hilo sanduku..." Akasogeza uso karibu mpaka tukaona jicho moja tu. "Unakuja? Mwanangu, unakuja? Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Hata leo nimekifagia. Sema basi, unakuja lini?"

Geofrey alishika mpini wa sanduku, akauachia.

Unakuja lini. Mama yangu aliniuliza hivyo kila Jumapili kwa miaka tisa, nami nikamjibu mwakani, mama, mwakani, mpaka mwakani zikaisha. Geofrey akaniangalia. Hakuniomba kitu. Alikuwa ameshaelewa kwamba ninajua, na tangu lini, na kwamba Halifax yote niliipika mimi. Alisimama anangoja tu, kama nilivyosimama mimi ukumbini.

Na ile sentensi ilikuwa ulimini. Wallahi ilikuwa ulimini, na watu walikuwepo, na kila kitu kilikuwa kama nilivyokitaka. Ila mama yake alikuwa bado anatazama.

"Mama," nikasema, "haji."

Watu wote wakanigeukia.

"Mimi ni mtani wake, Mpare wa Usangi. Nina kesi naye. Mpaka iishe, hatoki Minnesota. Na ugonjwa wako nimeuzua mimi, nilitaka nione Mchagga akitoka jasho. Desemba nitapanda Marangu mimi mwenyewe, mnihesabu mimi badala yake."

Sebule ikaanguka kwa vicheko. "Mpare wewe! Mchawi mkubwa! Na mchango wetu umeula!" Mama kule alicheka mpaka akajifuta macho na kanga. Akaniambia, "Karibu, Mpare, ila hakimu wako umwache hukohuko." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye, kesi ikiisha?"

"Ikiisha, mama."

Evodius alikuna kichwa. Ujumbe uliandikwa na Geofrey mwenyewe, na Evodius si mjinga. Lakini utani ni utani, huruhusiwi kununa. Alichukua tiketi akasema ataona kama itarudishwa, kisha akaenda kwenye pilau.

Geofrey alinifuata jikoni. Akaanza, "Dada, ahsante..."

"Koma. Sijakusamehe."

"Najua."

"Jumapili utasimama kwenye ukumbi uleule. Hutataja yako, hayo ni yako. Utasema yangu: kwamba nilikuamini, ukanitoa kama kichekesho, na kwamba sikukataa kumzika mama yangu. Ukitoka hapo utawapigia kaka zangu Usangi, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa pembeni yako."

Alitikisa kichwa kukubali. Na alifanya. Alisimama bila kipaza sauti, na alipofika kwenye maneno "sikuwa na haki" hakuna aliyecheka. Kaka yangu mkubwa alipokea simu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaomba aongee na mimi. Alisema, "Eli." Hivyo ndivyo alivyoniita utotoni.

Mnadhani hapo nilipoa. Sikupoa.

Halifax tulikwenda, watu kumi na wanane. Geofrey alituongoza kwa simu ya video kutoka kwake Inver Grove Heights, kwa kuwa Evodius alisema ziara bila mwenyeji si ziara. Niliyeshika simu ni mimi, niliitaka kazi hiyo. Kwenye makaburi ya Titanic akasema, "Pindeni kushoto, kuna mti, tazameni safu ya chini," na kweli tuliyakuta mawe yenye namba tupu. Wenzangu walipiga picha. Mimi niliinama nikang'oa nyasi mbili tatu kwenye moja lao, maana hata huyu alizikwa mwanawe hayupo.

Gatini nilikaa kwenye benchi la wahamiaji, nikamwekea simu ubavuni kama mtu aliyeketi nami. "Nilikuwa naja hapo Jumapili," akasema, "namwandikia mama barua." Nikamwambia, "Na mimi nimekaa kwenye benchi lako, nina karatasi mfukoni. Unalionaje hilo?" Akasema, "Unastahili." Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo.

Siku ya mwisho tukapanda kilimani. Upepo wa bahari ulikuwa unatuvua vilemba. Askari waliovaa sketi za Kiskoti walikuwa wanautayarisha mzinga.

"Upepo unausikia, mtani?" nikamuuliza.

"Nausikia."

"Vizuri. Sasa sikiliza na hili, ulisikie na usilione."

Nilikusudia limchome. Ndilo nililolipandia kilima. Nikanyoosha simu juu ya ukuta.

Mzinga ukalia. Sote kumi na wanane tuliruka, Evodius akamkanyaga mtu, mimi nusura niitupe simu bondeni. Nilipoitazama, Geofrey hakuwa ameruka. Alikuwa jikoni kwake, kilomita maelfu kutoka pale, ameinua mkono anatazama saa yake.

Kwake ilikuwa saa nne asubuhi. Aliitazama hivyohivyo, hakuushusha mkono, na mimi sikukata simu.